Visima vya mafuta na gesi Afrika Mashariki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ripoti ya mwaka ya sekta ikitoka, maswali yanakuwa yale yale: visima vingapi, mbona vimepungua, nani kapata. Hapa nimekusanya yanayonifikia mara nyingi, mengine nimeyaacha na ukali wake. Niseme mapema ninachoamini, maana kitajirudia: idadi ya visima vya mwaka inakueleza habari za bei, mikataba na mitambo ya kuchorongea kuliko inavyokueleza kilichomo ardhini.

"Kisima" kwenye takwimu ni shimo lolote?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapotelea. Kisima cha utafutaji huchorongwa, yaani hutobolewa ardhini, mahali ambapo hakuna aliyewahi kuthibitisha kitu. Kisima cha uhakiki kinakuja baada ya kitu kuonekana, ili wajue kimeenea hadi wapi. Kisima cha uzalishaji ndicho cha kutolea mali yenyewe. Ripoti ikikuambia "visima kadhaa vimechorongwa mwaka huu" bila kutaja aina, haijakuambia kitu.

Tazama Uganda. Mradi wa Tilenga unaoendeshwa na TotalEnergies ulipangwa uwe na visima zaidi ya 400, vikitokea kwenye viwanja 31 vya kuchorongea. Kingfisher, ulio chini ya CNOOC ya China, una visima 31 kwenye viwanja vinne kando ya Ziwa Albert. Mtambo unasimama nchi kavu, kisima kinashuka kisha kinapinda kwenda chini ya ziwa. Uchorongaji huo Rais Museveni aliuzindua Januari 2023. Anayehesabu tu atasema Uganda imepamba moto kwa kutafuta mafuta. Wapi! Mafuta hayo yalipatikana tangu 2006. Linalofanyika sasa ni kutoboa pipa ambalo kila mtu anajua limejaa.

Kisima kinahesabiwa mwaka kilipoanza au kilipomalizika?

Inategemea anayehesabu. Wengi hushika siku keekee (ncha ya kuchorongea) inapoanza kula ardhi, wengine hushika siku kazi inapokwisha. Mlima-1, kisima cha Eni kwenye bahari ya Kenya, kilianza mwishoni mwa Desemba 2021 na kazi yake karibu yote ikafanyika 2022. Sasa kiandike kwenye mwaka unaoutaka. Kwa Marekani, yenye maelfu ya visima kwa mwaka, tofauti hiyo haionekani. Kwetu sisi tunaochoronga kimoja au viwili, kinaweza kugeuza "mwaka wa ukame" kuwa "mwaka wa kuamka" kwa mchezo wa kalenda tu.

Tunaambiwa Tanzania ina gesi futi za ujazo trilioni 57. Mbona meli za kuchoronga zimeondoka?

Hili ndilo swali kuu, na mara nyingi huja na hasira. Twende polepole.

Mwaka 2010 mtambo wa kuchoronga unaoelea ulifika bahari ya kusini mwa nchi, na kampuni za Ophir na BG zikapata gesi kwenye kisima cha Pweza-1, kisha Chewa-1, mwaka uliofuata Chaza-1. Februari 2012 Statoil na ExxonMobil wakatangaza Zafarani, kwenye kina cha maji kinachozidi mita 2,500. Kuanzia hapo hadi 2015 habari zilikuwa zinafuatana: Jodari, Mzia, Lavani, Tangawizi, Mronge, Piri, Giligiliani, Mdalasini. Baada ya hapo visima vya bahari kuu vikawa vya kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, halafu kimya.

Hesabu ya gesi iliyopo inayotajwa na serikali ni futi za ujazo trilioni 57.54, na kati ya hizo 47.13 ziko chini ya bahari kuu. Neno la kuangalia ni "iliyopo". Hiyo ni gesi iliyopo ndani ya mwamba. Si yote itakayotoka. Halafu ipo mbali, chini ya maji mengi, na soko la ndani haliwezi kuimaliza. Ili iuzwe nje lazima ije nchi kavu, ipoozwe hadi iwe kimiminika na kupakiwa melini. Kiwanda hicho kimepangwa kujengwa Likong'o, Lindi, gharama inayotajwa ni dola bilioni 42, na mazungumzo yake yamechukua miaka na miaka. Januari 2021 Equinor (ndiyo Statoil ile ile, ilibadili jina 2018) ilifuta kwenye vitabu vyake thamani ya dola milioni 982 iliyokuwa imeuandikia mradi huo.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya mwekezaji. Una kisima kilichojaa na huna ndoo. Utachimba kingine cha nini? Mitambo haikuondoka kwa sababu gesi haikuwepo. Iliondoka kwa sababu iliyopatikana ilitosha kwa kiwanda ambacho bado hakijajengwa.

Bei ya mafuta inaingiaje hapo?

Inaingia kwa kishindo, ila kwa kuchelewa. Katikati ya 2014 pipa la Brent, mafuta ghafi ambayo bei yake ni kipimo cha soko la dunia, lilikuwa linauzwa karibu dola 115. Januari 2016 lilishuka chini ya dola 30. Kampuni ikiona hivyo haifungi kisima kinachotoa mafuta. Inakata kwanza kile ambacho hakijaanza, yaani utafutaji, hasa wa mahali papya kama kwetu. Lakini meli iliyokwishakodiwa itamaliza mkataba wake. Ndiyo maana mwaka wa bei kuanguka unaweza kuonekana mzuri kwenye takwimu za visima, na pigo likaonekana mwaka mmoja au miwili mbele.

Meli yenyewe ina bei yake ya soko. Mwaka 2013 na 2014 meli mpya za kina kirefu zilikodiwa kwa dola 500,000 hadi 600,000 kwa siku. Kwa siku! Kufikia 2017 zilikuwepo zilizokodiwa chini ya dola 200,000. Hapo ungedhani kila mtu atakimbilia kuchoronga kwa bei ya kutupa, lakini ile ile bei ya mafuta iliyoshusha kodi ya meli ilikuwa imekausha mifuko ya wenye kuzikodi.

Kuna mahali ambapo mtu anaweza kuona mwenendo huo ukiandikwa wiki kwa wiki?

Upo: hesabu ya mitambo inayofanya kazi, inayotolewa na kampuni ya Baker Hughes. Ilianza 1944, na ya Amerika Kaskazini hutoka kila Ijumaa. Angalia Marekani peke yake. Desemba 1981 mitambo 4,530, kilele ambacho hakijawahi kurudiwa. Vuli ya 2014 ilizidi 1,900. Mei 2016 ilibaki 404. Agosti 2020, wakati wa korona, ikashuka hadi 244.

Ila usiishie hapo. Mwaka 2014 Marekani ilikuwa inatoa mafuta ghafi karibu mapipa milioni 8.8 kwa siku. Mwaka 2024 ilitoa zaidi ya milioni 13, na mitambo ilikuwa karibu 600 tu. Theluthi ya mitambo, mafuta mara moja na nusu. Kisima cha leo Texas kinashuka, kinalala, kisha kinakwenda kilomita kadhaa ndani ya mwamba mmoja, na mtambo mmoja huchoronga visima vingi palepale bila kufunguliwa na kuhamishwa. Kwa hiyo anayekuambia "visima vimepungua, sekta inakufa" mwulize kwanza urefu wa kila kisima.

Kwetu Mtwara wageni walijaa halafu wakatoweka. Walifukuzwa?

Hawakufukuzwa na mtu. Niliingia Mtwara mwishoni mwa 2013, na nyumba ya wageni niliyozoea kufikia nikaambiwa imekodiwa yote, vyumba vyote, kwa miezi. Mwenye nyumba alikuwa anaongeza ghorofa. Bodaboda alininong'oneza bei ya viwanja vya Shangani kama mtu anayetoa siri. Niliporudi baada ya miaka mitatu ghorofa ilikuwa imefika kwenye lenta na nondo zimechomoza juu, zina kutu. Chumba nilipata, tena nikachagua.

Meli iliyo baharini inahitaji bandari ya kuiletea mabomba, saruji, chakula na watu wa zamu. Mtwara ndiyo ilikuwa bandari hiyo. Meli ikimaliza kisima chake, yote hayo yanaondoka nayo. Watu walichanganya utafutaji na uzalishaji: utafutaji ni mgeni wa msimu, uzalishaji ndio unaoajiri walinzi, mafundi na wahasibu kwa miaka ishirini, nao huwa ni wachache kuliko watu wanavyodhani.

Kuhusu ghasia za Januari na Mei 2013, zile zilikuwa juu ya bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam. Bomba lilijengwa na likazinduliwa Oktoba 2015. Hilo si jambo la visima, ingawa kwenye mazungumzo ya mtaani yote hukaa sufuria moja.

Kisima kikipata gesi, inachukua muda gani kufika kwenye waya wa umeme?

Kaa chini kwanza. Songo Songo, kisiwa kidogo mbele ya Kilwa: Agip walipata gesi 1974, wakaona haitoshi kuwalipa, wakaiacha. TPDC, shirika la mafuta la serikali, ikaendelea kuchoronga na kuhakiki. Gesi ilianza kutiririka kwenda Ubungo mwaka 2004. Miaka 30. Mnazi Bay iligunduliwa 1982, ikaanza kuwasha taa za Mtwara mwishoni mwa 2006. Miaka 24. Kwa hiyo umeme wa gesi tunaoutumia leo ni matunda ya visima vilivyochorongwa wakati Mwalimu Nyerere yuko Ikulu, katika miaka ambayo ripoti zilisema wameambulia "gesi isiyo ya kibiashara."

Uganda nayo: kisima cha kwanza, Waki-B1, kilichorongwa Butiaba mwaka 1938. Ugunduzi wa maana ukaja 2006. Uamuzi wa kuwekeza ukatangazwa Februari 2022. Na hata hapo mafuta hayaendi popote bila bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, tena bomba la kupashwa moto njia nzima, kwa kuwa mafuta ya Uganda yana nta nyingi na, kama jina linavyotuchekesha Waswahili, huganda.

Kenya walisherehekea Ngamia-1 mwaka 2012. Yako wapi mafuta?

Turkana, ndani ya mwamba, kwa sehemu kubwa. Kenya ilianza na Walu-1 mwaka 1960, ikachoronga visima kama thelathini kwa nusu karne bila kupata cha kuuza. Machi 2012 Rais Kibaki akatangaza Ngamia-1 ya kampuni ya Tullow, kisha Twiga, Etuko, Ekales, Agete, Amosing. Hiyo miaka michache ndiyo ilikuwa mikubwa kuliko yote kwenye chati ya Kenya. Juni 2018 malori yakaanza kuteremsha mafuta kutoka Lokichar hadi Mombasa, na Agosti 2019 mapipa yasiyopungua 200,000 yakapakiwa melini. Kisha chati ikalala. Mafuta nayo yana nta, bomba la kwenda Lamu halikujengwa, na washirika wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Mwaka 2025 Tullow nayo ikakubali kuuza mali zake za Kenya kwa Gulf Energy.

Nionavyo mimi, Kenya ni somo zuri kuliko hata Tanzania: baada ya Ngamia iligundua haraka, ikachoronga haraka, na bado ikakwama palepale kwenye swali la njia ya kutokea.

Kisima kikavu ni hasara tupu?

Kwa aliyelipa, ndiyo, na kwenye kina kirefu hasara hiyo ni makumi ya mamilioni ya dola. Kwa nchi, si tupu. Kila kisima kinaacha chenga za mwamba, vipimo vya joto na orodha ya tabaka kwa tabaka, na mikataba yetu inataka nakala ibaki serikalini. Mwaka 1987 Amoco walichoronga Galula na Ivuna kwenye bonde la Rukwa wakitafuta mafuta, wakakosa, wakaenda zao. Miaka mingi baadaye watu wengine wakafika bonde lile lile kutafuta heliamu, wakiwa na kumbukumbu za visima hivyo mkononi, na kampuni ya Helium One ikaipata kwenye kisima cha Itumbula West-1 mwanzoni mwa 2024. Wao walisumbuliwa na ukosefu wa mtambo hadi wakaamua kununua wa kwao. Mwaka mzima wa takwimu unaweza kuwa sifuri kwa sababu tu mtambo uliokusudiwa uko nchi nyingine na mwenyewe hajauachia.

Tena wengi hudhani Uganda ilibahatika: zaidi ya asilimia 85 ya visima vyake vya utafutaji na uhakiki vilikuta mafuta au gesi. Duniani kwenye eneo geni, kupata kimoja kati ya vitano si aibu. Kwa hiyo usiipime Kenya wala Tanzania kwa rula ya Uganda.

Wanajuaje wamefika kwenye gesi? Inalipuka?

Ikilipuka, kuna mtu hakufanya kazi yake. Ukikaribia mtambo ukiwa unafanya kazi, cha kukodolea macho si ule mnara, ni chekeche. Ndani ya bomba la kuchorongea hushushwa tope zito lililochanganywa kwa vipimo. Linatokea kwenye keekee kule chini, linarudi juu kwa nje ya bomba likibeba chenga za mwamba. Tope hilo linamwagwa juu ya machekeche makubwa yanayotetemeka usiku na mchana kwa kelele ya kuchosha meno. Pembeni amesimama kijana na kikombe cha bati. Kila baada ya mita kadhaa anachota chenga, anaziosha, anazitia kwenye kifuko kilichoandikwa kina, na nyingine anazipeleka kwenye hadubini ndani ya kontena. Mchanga uliolainika kama uji mkavu, udongo wa kijivu, chokaa: anaandika. Wakati huohuo kipimo kinanusa gesi inayorudi na tope. Mstari kwenye skrini ukipanda ghafla, kontena lote hunyamaza.

Uzito wa tope ndio unaoizuia gesi isipande yenyewe. Likiwa jepesi mno, gesi inasukuma. Likiwa zito mno, linapasua mwamba na kupotelea humo. Kila baada ya kina fulani wanashusha bomba la chuma, wanamimina saruji nyuma yake, kisha wanaendelea na keekee nyembamba zaidi. Kisima kinachoanza na upana wa pipa kinaishia na upana wa sahani ya chai.

Kwa nini majina ya samaki na viungo?

Kila kampuni ilijichagulia fungu. Ophir na BG walichukua bahari: pweza, chewa, chaza, jodari, mzia. Statoil walichukua jikoni: zafarani, lavani, tangawizi, giligiliani, mdalasini. Huhitaji ramani, ukisikia jina unajua kitalu (eneo la leseni) ni cha nani. Kenya walipenda wanyama kwanza. Kuna hata kisima cha baharini, cha mwaka 2013, kilichoitwa Kubwa, na hakikupata chochote cha kuuza. Sina la kuongeza.

Rwanda, Burundi na Congo mbona hazitajwi?

Rwanda inavuta gesi ya methani kutoka kwenye maji ya Ziwa Kivu kwa mabomba yaliyozamishwa, hakuna mwamba unaotobolewa, kwa hiyo haiingii kwenye hesabu ya visima. Congo ya Kinshasa inatoa mafuta Muanda, upande wa Atlantiki, tangu miaka ya 1970. Mnada wake wa 2022 wa vitalu 27 vya mafuta ulifutwa 2024. Burundi bado haijapata.

Nikitaka kukisia mwaka ujao utakuwaje, nitazame nini?

Usitazame hotuba. Tazama kama kuna upimaji wa mitetemo (mawimbi yanayotumwa ardhini kuonyesha tabaka za chini) uliofanyika mwaka huu au uliopita, maana hakuna anayechoronga bila huo. Tazama kama kuna kampuni iliyotangaza kukodi mtambo, kwa jina la mtambo. Tazama tarehe ya leseni kuisha, kwa sababu visima vingi huchorongwa mwaka wa mwisho wa ahadi, kama mwanafunzi na kazi ya likizo. Na tazama mnada wa vitalu: Tanzania ilifanya wa nne 2013, bei ikiwa juu, na wa tano ukangoja hadi 2025 kwa vitalu 26. Kati ya mnada na kisima cha kwanza weka miaka kadhaa, si miezi.

Kisima kilichoachwa kinaonekanaje?

Cha baharini hukioni. Kimezibwa kwa saruji sehemu kadhaa, na juu yake ni maji. Cha nchi kavu, ukibahatika kuonyeshwa na mwenyeji, ni jukwaa la zege la ukubwa wa sebule, nyasi zimeanza kuingia kwenye nyufa, katikati kuna bomba fupi lililofunikwa kwa kipande cha chuma kilichounganishwa kwa moto. Juu ya chuma wameandika kwa nukta za kuchomelea jina la kisima na mwaka. Mbuzi wanapenda kulala pale mchana, zege likishapata kivuli.